Chumba cha Kujifungulia Kwenye Tawi la Bogenvilia

Hebu nikuulize, mara ya mwisho wewe na mwenzi wako mlikaa saa nzima mkitazama kitu kimoja, bila televisheni na bila simu mkononi, ilikuwa lini? Usikimbilie kujibu. Mimi mwenyewe nilipoulizwa swali hilo na mpiga picha wetu hapa ofisini nilicheka, kisha nikanyamaza, maana jibu sikuwa nalo.

Wikiendi zetu mimi na mume wangu zilikuwa kama za wengi mnaosoma ukurasa huu. Jumamosi kikao cha harusi ya mtu, usiku sendofu ya mwingine, Jumapili ibada, supu, halafu kila mtu na kochi lake. Hatukuwa na ugomvi. Mwezi Februari mimba yetu ya miezi minne iliharibika, na baada ya hapo nyumba ikawa na adabu kupita kiasi. "Umekula?" "Nimekula." "Umeme upo?" "Upo." Mama mkwe akipiga simu kuuliza habari za huko, mume wangu alikuwa anatoka kwenda kuongea barandani, anarudi, anasema Mama anasalimia. Basi.

Kwa hiyo mpiga picha aliponiambia anakwenda Pugu Jumamosi kupiga picha za ndege wanaojenga viota, nikaona hapo kuna makala: mtoko wa bei rahisi kwa wapenzi. Nikamburuta mume wangu. Yeye ni mhasibu, Jumamosi kwake ni siku ya kulala, alinuna tangu Tazara mpaka Gongo la Mboto.

Ukipita Pugu unaelekea Kisarawe, huko ndiko uliko msitu wa Pugu-Kazimzumbwi, hifadhi ya mazingira asilia iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Unalipa kiingilio, unachukua mwongozaji, na ndani kuna bwawa la Minaki. Tulifika saa moja kasoro asubuhi. Kando ya maji, kwenye matete, kulikuwa na kelele kama soko la Kariakoo siku ya kuamkia Idi. Walikuwa minana, wale ndege wa manjano ambao sote tumewaona tangu utotoni na hakuna aliyewahi kuwaangalia.

Nikwambie wanachofanya. Dume anachana jani bichi kwa mdomo, anapata uzi mrefu, anaufunga kwenye tete kwa fundo la kweli kabisa. Anaanza na pete ya kusimamia, halafu chumba, halafu mlango unaotazama chini. Akimaliza ananing'inia pale mlangoni, anapiga mabawa na kupayuka, anaita wachumba. Jike anakuja, anaingia, anavuta nyuzi huku na huku, anatoka. Akiridhika anabaki na kuanza kutandika ndani. Asiporidhika anaondoka bila hata kuaga, na kiota kikishakauka na kugeuka rangi, mara nyingi mwenyewe dume anakibomoa na kuanza upya.

Tulimwona mmoja akikataliwa mara mbili ndani ya nusu saa. Mume wangu, ambaye alikuwa bado hajasema neno, akasema, "Huyu ni mimi, siku dada zako walipokuja kukagua chumba changu Mwananyamala." Nilicheka mpaka mwongozaji akaniwekea kidole mdomoni. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu Februari.

Baada ya hapo hakuhitaji kuburutwa. Alinunua darubini ya mtumba, mimi nikanunua daftari. Na kwa kweli, shosti, kama unapenda umbea, huko kwenye viota kuna umbea kuliko saluni yoyote ya Sinza. Yupo kekeo, mmoja wa kijani chenye kung'aa, ambaye hajengi chochote. Anavizia mnana ametoka, anaingia, anataga yai lake linalofanana na ya mwenye nyumba, anakwenda zake. Kifaranga chake kikianguliwa kinayasukuma nje mayai ya wenyeji, na mama wa watu analisha mtoto wa nje akijua ni wake. Yupo jakana, yule mwenye vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi. Kwao mwanamke ndiye mkubwa wa mwili na ndiye mwenye waume kadhaa. Akishataga anaondoka, na baba ndiye anayelalia mayai, tena hatari ikija anawabeba vifaranga chini ya mabawa, miguu yao inaning'inia nje. Wifi yangu nilipomsimulia alitaka kujua kama hilo bwawa lina nafasi ya kuhamia.

Ila aliyetukamata hasa ni hondohondo. Yule ndege mkubwa mwenye domo la kutisha na sauti ya mtoto anayelia, ukienda Pugu au pori la Pande unaweza kumsikia kabla ya kumwona. Jike anachagua tundu kwenye mti, anaingia, na mlango unazibwa kwa udongo na mavi mpaka unabaki ufa mwembamba wa kupitisha mdomo. Humo anataga, analalia, na wengine hupukutisha manyoya ya mabawa, kwa hiyo hata angetaka kuruka asingeweza. Kila anachokula kinaletwa na mumewe. Mume akifa, basi tena.

Kuna Mwingereza mmoja, Reginald Moreau, aliyefika kwenye kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara Mashariki, mwaka 1928. Yeye na mkewe Winifred waliwafuatilia hondohondo wa Amani kwa muda mrefu, na mwaka 1941 wakachapisha walichokiona. Makadirio yao ni kwamba dume mmoja, katika msimu wa siku kama 120, alikwenda kwenye kiota mara 1,600 na kupeleka matunda 24,000. Mume wangu alipiga hesabu palepale kwenye simu: zaidi ya safari 13 kwa siku. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Halafu mimi nikitumwa vitunguu nanung'unika."

Huyo Moreau mwaka 1938 alimpa ndege mpya wa milima ya Uluguru jina la mkewe, na hadi leo jina lake la kitaalamu lina neno winifredae. Wengine tunapewa kadi ya muziki siku ya Valentine. Lakini tusimpe sifa zote peke yake. Aliyemwezesha kuwapata ndege wengi ni Salimu Asmani, mwenyeji aliyefanya naye kazi miaka mingi na kuujua ule msitu, na jina lake watu wachache sana wanalitaja.

Sasa niwapeleke nyumbani kwetu, kwa sababu kisa chenyewe kilitokea huko wala si Pugu.

Tunaishi ghorofa ya kwanza, na bogenvilia ya jirani imepanda mpaka kwenye baranda yetu. Mwanzoni mwa Novemba, vuli imeanza, niliona uchafu unaning'inia kwenye tawi: utando wa buibui, majani makavu, magamba ya mti. Nilitaka kuutoa kwa ufagio. Mume wangu akanishika mkono. Kulikuwa na chozi, mgongo wa kijani, tumbo la manjano, mdogo kuliko kidole gumba changu na cha mume wangu vikiwekwa pamoja, amebeba utando mdomoni.

Kwa machozi anayejenga ni jike. Dume wetu alikuwa anamfuata huku na kule akiimba, amevalia vizuri, hashiki hata unyasi mmoja. (Najua wanaume wa namna hiyo. Baadhi yao wanasoma gazeti hili.) Ndani ya wiki moja ule uchafu ukawa mfuko wenye mlango wa pembeni na kidari kidogo juu yake cha kuzuia mvua, umetandikwa ndani kwa sufi. Nikahamishia kahawa yangu ya asubuhi kwenye kiti cha baranda. Nikaandika kila kitu: saa ngapi ametoka, saa ngapi amerudi. Mume wangu akirudi kazini swali la kwanza lilikuwa, "Mama yupo?" Hatukulizungumza, lakini wote wawili tulikuwa tunajua tunahesabu nini.

Siku ya sita tangu jike aanze kulala ndani, mume wangu akataka picha. Alisubiri ametoka, akalivuta tawi, akafunua majani ili mwanga uingie. Mayai mawili. Alinionyesha kwenye simu kama mtu aliyeshinda bahati nasibu, na mimi nilifurahi, sikumkataza. Kwenye waya wa umeme ng'ambo ya barabara alikuwepo kunguru.

Kesho yake asubuhi mfuko ulikuwa umechanika, sufi imetapakaa kwenye vigae. Sina ushahidi wa kupeleka mahakamani, lakini hawa kunguru wa India kazi yao inajulikana. Waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wasafishe takataka, wakaenea pwani yote, na mayai na makinda ya ndege wadogo ni chakula chao cha kila siku. Serikali yetu imewahi kuwapunguza kwa mitego na sumu, na Kenya mwaka 2024 ilitangaza mpango wa kuangamiza milioni moja. Wana akili mno. Ukionekana unachungulia mahali, wao nao wanakuja kuchungulia.

Nikamwambia mume wangu, "Ni wewe. Ulitaka picha." Akasema, "Ni yai la ndege, mke wangu." Nikasema si yai la ndege. Hapo ndipo yalipotoka yote, tumesimama barandani, mimi na khanga yangu, yeye na tai mkononi, amechelewa kazini. Nilimwambia kwamba siku ile hospitali alinishusha akaenda kutafuta maegesho na akakaa saa nzima. Akaniambia alikaa kwenye gari kwa sababu alikuwa analia na hakutaka nimwone. Akaniambia kwamba mama yake anapopiga simu, huwa anakwenda barandani kumwomba asiulize. Miezi tisa nilidhani wananisengenya. Hakwenda kazini siku hiyo.

Tangu hapo tumekuwa wagumu kidogo na sheria za kutazama viota, kwa hiyo na wewe nikuachie. Kaa mbali, tumia darubini. Tawi usilivute, majani usiyakate hata kama yanakuziba, maana hayo ndiyo pazia lao. Ukiona ndege analia na kuruka huku na huku kwa wasiwasi, au anakaa na chakula mdomoni haingii, ujue wewe ndiye tatizo, ondoka. Kuwa mwangalifu zaidi wakati anajenga na anapokuwa na mayai, kwani ndipo anapohama kwa urahisi. Yale maneno kwamba ukimshika kinda mama yake atamkataa kwa harufu yako si ya kweli kwa ndege wengi, lakini pia usishike. Na kabla ya kusogea angalia juu kama kuna kunguru.

Msimu mzuri kwa sisi wa pwani ni kuzunguka mvua, masika na vuli. Nenda alfajiri, beba chai kwenye chupa na chapati, vaa rangi zisizopiga kelele. Kama huna nafasi ya kwenda Pugu, mti wowote wa mtaani una hua aliyejenga kwa vijiti vichache, baba analalia mchana na mama usiku. Ukipenda kuandika kama mimi, Mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania umekuwa ukikusanya kumbukumbu za watu wa kawaida tangu miaka ya 1980, na kiota kilichoandikwa tarehe na mahali ni kumbukumbu wanayoihitaji.

Wiki tatu baada ya yule kunguru, chozi alirudi. Machozi hawakati tamaa upesi, wakipoteza kiota hujenga kingine. Safari hii alichagua tawi la ndani zaidi, lenye miiba, ambalo kutoka kwenye kiti changu linaonekana nusu tu. Mume wangu alikihamisha kiti mwenyewe, akakiweka sebuleni nyuma ya pazia, akakiongeza na cha pili. Ukurasa wa leo wa daftari ameandika yeye, kwa mwandiko wake wa kihasibu: "Saa 12:40 asubuhi, ameingia. Saa 1:05, bado yumo. Kunguru hakuna."