M-Mama: Jinsi simu ya 115 inavyomfikisha mjamzito wa kijijini hospitalini

MWANAMKE aliyejifungua na kuanza kuvuja damu nyingi anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili iwapo hatapata matibabu. Kwa mkazi wa mjini, saa mbili hutosha kuvuka foleni na kufika hospitalini. Kwa mkazi wa kijiji kilicho kilometa 60 kutoka makao makuu ya wilaya, ambako barabara hugeuka tope wakati wa masika na gari la abiria hupita mara moja kwa siku, saa hizo zinaweza kuisha kabla ndugu hawajakubaliana wamwombe nani gari.

Pengo hilo ndilo linalokusudiwa kuzibwa na M-Mama, mfumo wa Tanzania wa usafiri wa dharura kwa wajawazito, wanawake waliojifungua na watoto wachanga. Mfumo huo hutumia namba 115, ambayo hupigwa bila malipo, na huwaunganisha watu ambao kwa miaka mingi walikuwa wakifanya kazi bila kuwasiliana: mkunga wa zahanati, dereva wa gari la wagonjwa, mwenye gari dogo kijijini na daktari wa zamu hospitalini.

Ulianza katika muongo wa 2010 kama mradi wa majaribio katika Kanda ya Ziwa, ukihusisha Sengerema mkoani Mwanza pamoja na Shinyanga. Aprili 2022, Rais Samia Suluhu Hassan aliuzindua mjini Dodoma kwa ajili ya kuenezwa nchi nzima, na baadaye ukafikishwa katika mikoa ya Bara na Zanzibar.

Kuchelewa kwa aina tatu

Wataalamu wa afya ya uzazi hueleza vifo vya wazazi kwa kutumia maelezo yaliyochapishwa mwaka 1994 na watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani, Sereen Thaddeus na Deborah Maine. Kwa mujibu wa watafiti hao, kuchelewa kunakosababisha vifo hivyo ni kwa aina tatu.

Kwanza ni kuchelewa kuamua. Mgonjwa au familia yake haitambui dalili za hatari, au inasubiri idhini ya mume, mama mkwe au mzee wa ukoo. Pili ni kuchelewa kufika, kunakotokana na umbali, ubovu wa barabara na ukosefu wa chombo cha usafiri au nauli. Tatu ni kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika, pale ambapo hakuna damu, hakuna mtaalamu wa usingizi au chumba cha upasuaji hakijaandaliwa.

Kuchelewa kwa aina ya pili kuna uzito wa pekee nchini Tanzania. Nchi ina eneo la zaidi ya kilometa za mraba 945,000, na Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa karibu theluthi mbili ya wananchi wanaishi vijijini. Huduma za afya zimepangwa kwa ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali za mkoa na za rufaa. Zahanati huzalisha wanawake wasio na matatizo, lakini haifanyi upasuaji wa uzazi wala haiongezi damu. Mzazi anapopata uzazi pingamizi, kifafa cha mimba au kupasuka kwa mfuko wa uzazi, tiba yake iko ngazi ya juu, na kati yake na tiba hiyo kuna barabara.

Safari huanza kwa maswali

Simu ya 115 hupokelewa katika kituo cha uratibu ambacho hufanya kazi usiku na mchana. Anayepokea ni mhudumu wa afya aliyefundishwa kazi hiyo. Mpigaji anaweza kuwa mjamzito mwenyewe, ndugu yake, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au muuguzi wa zahanati ambaye mgonjwa wake anahitaji rufaa.

Mpokeaji huuliza maswali yaliyopangwa katika programu ya kompyuta. Je, mgonjwa anavuja damu? Amepata degedege? Uchungu umeanza lini? Mtoto analia na kunyonya? Majibu hayo husaidia kutambua kama hali ni ya dharura, na kama ni ya dharura, mgonjwa apelekwe wapi. Uamuzi huo wa pili ni muhimu kuliko unavyoonekana. Mzazi anayehitaji upasuaji akipelekwa kwanza katika kituo kisichofanya upasuaji, atalazimika kuanza safari nyingine akiwa amedhoofika zaidi.

Baada ya hapo hutafutwa chombo. Gari la wagonjwa likiwa karibu na likiwa huru, ndilo hutumwa. Likiwa mbali, likiwa na mgonjwa mwingine au likiwa bovu, mratibu humpigia dereva jamii aliye jirani. Wakati huohuo hospitali itakayompokea mgonjwa huarifiwa, ili timu ijiandae kabla gari halijaingia getini.

Muda wa kusubiri gari nao ni muda wa tiba. Muuguzi wa zahanati huweza kumpa mzazi anayevuja damu sindano ya oksitosini ya kuufanya mfuko wa uzazi ujikaze, na mwenye kifafa cha mimba dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti. Mjamzito mwenye mimba kubwa hulazwa kwa ubavu, hasa wa kushoto, ili uzito wa mimba usibane mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mtoto mchanga, hususan aliyezaliwa kabla ya wakati, husafirishwa akiwa amewekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa kuwa baridi ya njiani humdhoofisha haraka.

Dereva jamii ni nani?

Dereva jamii si mwajiriwa wa hospitali. Ni mkazi wa eneo husika mwenye gari au anayeendesha gari la mtu mwingine, ambaye katika siku za kawaida hubeba abiria, mazao au bidhaa za dukani. Huchunguzwa, huelekezwa wajibu wake na kuingia makubaliano ya kubeba wagonjwa wa dharura kwa malipo yanayojulikana mapema kulingana na umbali.

Familia haidaiwi nauli. Dereva akimfikisha mgonjwa na mhudumu wa hospitali akathibitisha kumpokea, malipo hutumwa kwa dereva kupitia simu yake ya mkononi. Utaratibu huo unagusa jambo ambalo kila mwanakijiji analijua: dereva anaweza kuwa na moyo wa huruma, lakini tangi la gari halijazwi kwa huruma. Dereva aliyewahi kukopwa nauli akazungushwa miezi mitatu atasita atakapogongewa mlango tena usiku wa manane. Akiwa na uhakika wa kulipwa, anaamka.

Faida nyingine ni kuwa gari lake limekwishanunuliwa. Kulifanya kila kijiji kiwe na gari la wagonjwa kungehitaji fedha nyingi za ununuzi, matengenezo na mishahara ya madereva, ilhali siku nyingi gari hilo lingekaa bila kazi. Gari la dereva jamii hulipiwa safari ile tu inayohitajika.

Hata hivyo, gari hilo lina mipaka yake. Halina mtungi wa oksijeni wala kitanda maalumu, na dereva hakusomea uuguzi. Kwa mgonjwa aliye katika hali mbaya sana, gari la wagonjwa lenye vifaa na muuguzi linabaki kuwa chaguo bora.

Ujirani wa tangu zamani

Wazo la jamii kumbeba mgonjwa wake si geni katika ukanda huu. Katika milima ya Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, kumekuwa na vyama vya engozi, ambavyo wanachama wake hupokezana kumbeba mgonjwa kwa machela hadi kituo cha tiba, na asiyeshiriki hutozwa faini. Rwanda na Burundi zina machela ya aina hiyo iitwayo ingobyi. Nguvu ya vyama hivyo ilikuwa katika wajibu: aliyembeba mgonjwa wa jirani leo alikuwa na haki ya kubebewa wake kesho.

Kwa upande wa anga, mwaka 1957 madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees waliasisi huduma ya madaktari warukao, ambayo ndiyo chimbuko la shirika la Amref lenye makao makuu Nairobi. Huduma hiyo ilitanguliwa na ile ya Australia, iliyoanza kuruka Mei 1928 kutoka mji wa Cloncurry. Huko Australia, ndege peke yake haikutosha. Mhandisi Alfred Traeger alibuni redio iliyopata umeme kwa kukanyaga pedali, na kuanzia mwaka 1929 wakazi wa mashamba ya mbali wakaanza kuwa na njia ya kumwita daktari. Somo la wakati ule ni lilelile la 115: chombo cha usafiri hakina msaada kama hakuna njia ya kukiita na mtu wa kuamua kiende wapi.

Takwimu zinasema nini

Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2015-16 ulikadiria vifo vya wazazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Huo ni upungufu mkubwa, ingawa makadirio ya aina hiyo hupatikana kwa kuhoji kaya na huwa na wigo mpana wa makosa.

Isitoshe, upungufu huo hauwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya M-Mama pekee. Mfumo ulizinduliwa kitaifa mwaka uleule wa utafiti wa pili, hivyo sehemu kubwa ya mabadiliko ilikwishatokea. Tangu mwaka 2017 vituo vingi vya afya vilijengewa vyumba vya upasuaji, na wanawake wanaojifungulia katika vituo vya tiba wameongezeka. Usafiri wa dharura una maana kwa sababu sasa kuna mahali karibu zaidi pa kumpeleka mgonjwa.

Takwimu nyingine haifurahishi. Vifo vya watoto wachanga wa chini ya siku 28 vilikuwa 25 kwa kila vizazi hai 1,000 katika utafiti wa 2015-16, na mwaka 2022 vilikuwa 24. Tofauti hiyo ni ndogo mno. Mtoto njiti anahitaji joto, oksijeni na wauguzi waliosomea kumhudumia, na gari likimfikisha mahali pasipo na vitu hivyo linakuwa limemhamisha tu.

Yaliyo mbele

Changamoto ya kwanza ni fedha. Mfumo ulijengwa kwa ushirikiano wa Serikali, taasisi za Vodafone na Vodacom na wadau wengine, likiwemo shirika la misaada la Marekani, USAID, ambalo lilifungwa mwaka 2025. Upanuzi wa kitaifa ulilenga gharama za uendeshaji zibebwe na Serikali. Uimara wake utapimwa kwa jambo moja la kawaida kabisa: dereva kulipwa siku aliyobeba mgonjwa. Malipo yakianza kucheleweshwa, madereva watajiondoa kimyakimya, na namba itaendelea kuita bila kuwa na gari la kutuma.

Changamoto ya pili ni mtandao wa simu na barabara. Kijiji kisichopata mawimbi hakiwezi kupiga 115, na daraja lililosombwa na mafuriko humzuia dereva jamii kama linavyolizuia gari la wagonjwa.

Ya tatu ni wale walio nje ya mfumo. Mkulima aliyeumwa na nyoka au abiria wa ajali ya basi hawamo katika kundi linalolengwa na M-Mama. Kuna 112 ya Polisi na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lakini vijijini majeruhi wengi bado hubebwa na msamaria mwema, mara nyingi kwa pikipiki. Vituo vya uratibu, orodha ya madereva na njia ya malipo vipo tayari, na vinaweza kuwa msingi wa huduma pana zaidi, ilimradi bajeti ipanuliwe pamoja nayo.

Kwa wakazi wa mijini, habari hii haiko mbali kama inavyodhaniwa. Mzazi anapozidiwa kijijini, simu ya kwanza mara nyingi hupigwa kwa ndugu aliyeko mjini ili atume nauli, na dakika hupotea wakati fedha zikitafutwa. Ndugu huyo anaweza kuwaeleza walioko nyumbani, kabla siku ya uchungu haijafika, kwamba simu ya kwanza ipigwe 115. Anaweza pia kuchangia damu katika hospitali iliyo jirani naye, kwa kuwa mzazi anayevuja damu, hata akiwahi kufika, hawezi kuokolewa na hospitali ambayo jokofu lake la damu ni tupu.