Je, Wajua? Magofu ya Katanga Hayana Kuta

Kikundi cha misheni kikifika Buluo, karibu na Likasi, kusini-mashariki mwa Kongo, ratiba hujaa mapema: kupaka rangi madarasa, mafundisho ya watoto, mazoezi ya kwaya, ibada ndefu ya Jumapili. Ikipatikana siku moja ya mapumziko, lazima mgeni mmoja aulize: "Hapa karibu hakuna magofu ya kale?" Yapo. Ila anayetafuta kuta na matao atayapita bila kuyaona, kwa sababu wazee wa Katanga walijenga kwa miti na nyasi, na kazi yao ya kudumu waliifanya ardhini. Kabla hamjafunga bukari na sombe na kupanda gari, someni haya.

Je, wajua kwamba migodi ya eneo la Likasi na Kambove ni ya kale kuliko kampuni yoyote? Mwanajiolojia Jules Cornet alipopita Katanga mwaka 1892, alionyeshwa mashimo makubwa ambayo wenyeji walikuwa wameyachimba kwa vizazi. Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilifuata nyayo hizohizo. Kwa maneno mengine, aliyegundua alikuwa ameonyeshwa njia.

Je, wajua kwamba shaba ilikuwa ikiyeyushwa Katanga tangu karne ya 4? Ushahidi umetoka Naviundu, karibu na Lubumbashi, umbali wa kilomita 120 hivi kutoka Likasi. Wakati huo Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, jumba la karne ya 14 kwenye pwani ya Tanzania, ilikuwa bado miaka elfu moja mbele.

Je, wajua kwamba kuna ua linalowaonyesha wanaakiolojia mahali pa kuchimba? Jina lake la kitaalamu ni *Haumaniastrum katangense*. Hustawi kwenye udongo wenye shaba nyingi, udongo ambao mimea mingi haiuwezi. Palipokuwa na tanuri la kale, mabaki ya shaba bado yako ardhini, na ua hilo huota hapo kwa wingi. Ukiliona limejaa mahali pamoja, angalia chini: huenda umesimama katika karakana ya mababu.

Je, wajua kwamba vilima vyenye upara katikati ya msitu wa miombo havikukatwa miti na mtu? Shaba iliyo ardhini huizuia miti kukua, zikabaki nyasi na maua. Wachimbaji wa zamani hawakuhitaji mashine ya kupima madini, walisoma kilima.

Je, wajua kwamba tanuri la kuyeyushia shaba lilijengwa kwa udongo wa kichuguu? Udongo huo huvumilia moto. Kazi ilifanyika wakati wa kiangazi. Jiwe la kijani, malakiti, lilipondwa na kuchaguliwa, likapangwa pamoja na makaa, kisha mivukuto ya ngozi ikasukuma hewa kupitia mirija ya udongo. Shaba iliyoyeyuka ilimiminwa kwenye kalibu. Vipande vya mirija hiyo na mavi ya madini ndivyo vitu ambavyo mgeni huvikanyaga akidhani ni mawe ya kawaida.

Je, wajua kwamba mmoja wa walioandika habari za mafundi hao alikuwa mmisionari? Jean-Félix de Hemptinne, Mbenediktini kutoka Ubelgiji aliyekuja kuwa askofu wa Katanga, alichapisha mwaka 1926 maandishi kuhusu "walaji wa shaba". Alieleza kazi yao hatua kwa hatua, maana mafundi wazee waliokuwa wameifanya kwa mikono yao walikuwa bado hai.

Je, wajua kwamba misalaba ya shaba ya Katanga ilikuwapo kabla ya mmisionari yeyote kufika? Haikuwa na uhusiano na Kalvari. Ilikuwa vipande vya shaba vya biashara, na baadaye fedha kamili. Katika makaburi ya bonde la Upemba, kadiri karne zilivyopita misalaba ilizidi kuwa midogo na kulingana kwa ukubwa, dalili kwamba watu walikuwa wameanza kuihesabu kama sarafu.

Je, wajua kwamba misalaba hiyo ilipanda hadi kwenye bendera? Katanga ilipojitenga mwaka 1960, bendera yake ilichorwa misalaba mitatu ya shaba. Sarafu zake za mwaka 1961 nazo zilibeba msalaba huo.

Je, wajua kwamba makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale katika bonde hilo la Upemba, ni miongoni mwa hazina kubwa za akiolojia Afrika ya Kati? Uchimbaji ulianza mwaka 1957 chini ya Jacques Nenquin, na baadaye Pierre de Maret akauendeleza. Wafu walizikwa na vyungu vizuri, mikufu ya shaba na vyombo vya chuma, kuanzia karne ya 8 hivi. Lakini tahadhari kwa mwenye ratiba: Sanga iko mbali, Haut-Lomami. Si safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni Buluo.

Je, wajua kwamba misalaba ya shaba ilizikwa pia na matajiri wa Ingombe Ilede, karibu na mto Zambezi? Makaburi hayo ya nchini Zambia yalikuwa na dhahabu, shanga na mabaki ya nguo. Nako Upemba, baadhi ya makaburi yalikuwa na kauri kutoka Bahari ya Hindi. Bara na pwani vilijuana zamani sana.

Je, wajua kwamba Waafrika wawili walilivuka bara hili na kuandika habari za shaba ya Katanga kabla Livingstone hajazaliwa? Pedro João Baptista na Amaro José, watumwa wa mfanyabiashara Mreno, waliondoka Angola mwaka 1802 na kufika Tete, Msumbiji, mwaka 1811. Livingstone alizaliwa mwaka 1813.

Je, wajua kwamba mfalme aliyeitisha Katanga nzima alitoka Tanzania ya leo? Msiri alikuwa Msumbwa wa Unyamwezi, na baba yake, Kalasa, alikuwa mfanyabiashara wa shaba. Mji wake mkuu, Bunkeya, uko kaskazini-mashariki mwa Likasi. Misafara ya pwani ya mashariki na ya Angola ilikutana hapo, na bidhaa hazikuwa shaba na pembe za ndovu tu: watu pia waliuzwa. Kiongozi wa matembezi asiruke sehemu hiyo.

Je, wajua kwamba misheni ya kwanza Katanga ilianzia kwenye ua wa Msiri? Mskoti Frederick Stanley Arnot aliingia Bunkeya Februari 1886, akitokea Benguela kwenye pwani ya Angola. Alikaa kwa idhini ya mfalme, naye mfalme ndiye aliyeamua nani aje na nani asubiri.

Je, wajua kwamba Msiri aliuawa kwa risasi tarehe 20 Desemba 1891? Aliyefyatua ni Omer Bodson, ofisa wa msafara wa William Stairs uliotumwa kwa niaba ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji. Bodson naye alipigwa risasi papo hapo, akafa kwa jeraha hilo. Bayeke, watu wa Msiri, huikumbuka siku hiyo Bunkeya. Desemba ni msimu wa mvua na barabara huwa matope, kwa hiyo vikundi vinavyokuja miezi ya kiangazi huikosa.

Je, wajua kwamba Kilwa ziko zaidi ya moja? Mji wa Kilwa uko Haut-Katanga, kando ya Ziwa Mweru. Kilwa Kisiwani, yenye magofu ya misikiti na majumba ya matumbawe, iko Tanzania, na UNESCO iliiweka katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ukimwambia dereva "twende magofu ya Kilwa", taja nchi.

Je, wajua kwamba Shinkolobwe si mahali pa matembezi? Mgodi huo ulio karibu na Likasi ulitoa urani iliyotumika katika mabomu ya Marekani ya mwaka 1945. Serikali iliufunga mwaka 2004. Hata picha ya lango itawaletea maswali.

Je, wajua kwamba kipande cha kale kikiondolewa ardhini hupoteza nusu ya habari zake? Mwanaakiolojia husoma kina, udongo na kilichokuwa pembeni. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unapinga biashara haramu ya vitu vya namna hii, basi msalaba wa shaba unaouzwa kwa siri msiununue. Mkifika kijijini, anzeni kwa chifu: salamu, barua ya ruhusa, na mkae mpaka mjibiwe. Mkitaka kumbukumbu, nunueni malakiti iliyochongwa au bamba la shaba lililofuliwa na fundi wa Lubumbashi wa leo. Fundi atakula, na kaburi litabaki na chake.