Mikro mbili za gitare: ile ya shingo na ile ya shevale lazima zipatane

Katika makambi na sité zetu za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, mwisho wa juma haupiti bila muziki. Arusi iko, ibada iko, kilio kiko, na kila pahali orkesi inaitwa. Kisha siku moja kijana anakuja kwa baba yake anayetoka posti ya usiku, anamwambia: «Baba, unisaidie franka. Gitare yangu inalia mubaya, minataka kubadirisha mikro.»

Baba anaona tu kwamba mushahara unakatwa tena. Kijana naye, mara nyingi, anataka kununua mikro ile aliyosikia ikisifiwa, bila kuuliza kama itapatana na ile nyingine inayobaki ndani ya gitare. Leo tunataka kuwasaidia wote wawili, maana franka nyingi zinapotea hapa.

Mikro hii si ile ya kuimbia. Ni kile kisanduku kidogo kilicho chini ya nyuzi za gitare ya umeme. Magitare mengi yana mikro mbili. Moja iko karibu na shingo. Nyingine iko karibu na shevale, ni kusema kile kidaraja kinachobeba nyuzi upande wa mukono unaopiga.

Shaba na kobalti zinazoimba

Ndani ya mikro mutaona vitu viwili tunavyovijua vizuri sisi watu wa Katanga. Cha kwanza ni uzi wa shaba, mwembamba sawa unywele, karibu milimita 0.06, uliozungushwa maelfu ya mara. Mikro moja ya gitare ya Fender Stratocaster ina mizunguko karibu 8,000. Cha pili ni sumaku. Ile ya namna ya zamani inaitwa alniko, na jina lake linasema yaliyomo: aluminiumu, nikeli na kobalti, pamoja na chuma. Katika alniko ya namba 5, ile inayotumika sana, kobalti ni karibu sehemu 24 kwa 100. Mwaka 1978, wakati wa vita vya Kolwezi, bei ya kobalti ilipanda sana duniani, na viwanda vingi vya kutengeneza spika viliacha alniko vikachukua sumaku za ferite. Mikro nyingi za bei ndogo leo nazo zina ferite. Si mbaya, lakini mara nyingi sauti yake ni kali kuliko ya alniko.

Kazi yake ni hivi: uzi wa gitare, ambao lazima uwe wa chuma, unatikisika mbele ya sumaku, na kutikisika huko kunazaa umeme mudogo ndani ya uzi wa shaba. Umeme huo unapita katika kamba mpaka kwenye ampli. Mzee wetu Mwenda Jean-Bosco, aliyerekodiwa na Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952, hakuhitaji mambo haya, maana gitare yake ilisema kwa mbao zake. Lakini mbele ya ngoma na bezi, gitare ya namna ile haisikiki tena.

Kwa nini pahali panabadilisha sauti

Waangalieni watoto wanaoruka kamba. Wawili wanashika mwisho na mwisho. Katikati kamba inafanya duara kubwa, lakini karibu na mukono inacheza kidogo tu. Uzi wa gitare ni vile vile. Mbele ya mikro ya shingo uzi unatembea sana, kwa hiyo sauti inakuwa kubwa, nene, yenye uzito. Karibu na shevale uzi unatembea kidogo, na sauti inakuwa nyembamba, kali, inayokata.

Hii njo sababu ya kanuni ya kwanza: kama mikro mbili ziko na nguvu sawasawa, ile ya shingo itaifunika ile ya shevale. Kijana atageuza kifungo kutoka akompa kuingia solo, na pale watu wanapongojea gitare ipande, itashuka. Kwa hiyo mikro ya shevale inapaswa kuwa na mizunguko mingi kidogo kuliko ya shingo. Kijana anayenunua mikro kali sana na kuiweka shingoni, akiacha ile dhaifu kwenye shevale, amelipa franka kwa kuharibu gitare.

Elektrisie wa kazini anaweza kusaidia

Ndani ya kambi hakukosi elektrisie mwenye multimetre. Chomeka kamba katika gitare, fungua volime yote, chagua mikro moja, kisha pima kwenye mwisho mwingine wa kamba. Mikro ya bobini moja inasoma mara nyingi kati ya kiloomu 5.5 na 7. Mikro ya bobini mbili ya namna ya zamani inasoma karibu 7 mpaka 9. Kama shingo inasoma 7.5, shevale ya 8 au 8.5 ya namna ile ile itakwenda nayo vizuri. Kama kipimo kinaonyesha kiloomu mamia, uzi wa shaba umekatika ndani. Kama kinaonyesha sifuri, angalia kwanza kama volime iko wazi. Ikiwa iko wazi, kuna nyaya zinazogusana.

Lakini tuangalie: kiloomu si nguvu yenyewe. Uzi mwembamba zaidi unapandisha namba bila kuongeza sauti vile vile, na sumaku nayo ina neno lake. Kipimo hiki kinafaa kulinganisha mikro za namna moja. Muuzaji akikuambia «hii ni 16, njo nzuri kupita», usikubali mbio.

Bobini moja ao mbili?

Mikro ya bobini moja inatoa sauti safi, yenye kung'aa, lakini inashika kelele ya umeme wa nyumbani: mmmm, bila kukoma, zaidi karibu na transfo na taa za neon. Mwaka 1955 Seth Lover wa kampani ya Gibson aliomba hati ya mikro ya bobini mbili, ambamo kelele ya moja inaua kelele ya nyingine. Sauti yake ni nene na tulivu.

Kwa hiyo muulizeni kijana kwanza: «Wewe unapiga nini katika orkesi?» Anayepiga solo, ile ya juu inayong'aa kama tuliyoisikia kwa Docteur Nico, asitafute mikro nzito mno. Mikro za nguvu kubwa zinafanya ampli ikwaruze, na katika muziki wetu kila noti inapaswa kusikika peke yake. Anayepiga misolo anasimama katikati. Mara nyingi mikro zote mbili pamoja zinamfaa. Anayepiga akompa anahitaji shingo iliyo wazi, isiyoingia katika njia ya bezi.

Mtu anaweza kuchanganya bobini moja shingoni na bobini mbili kwenye shevale. Ni ndoa nzuri, maana shevale inapata nguvu na shingo inabaki safi. Lakini potensiometre ina kazi hapa: bobini moja kwa kawaida inapewa ya kiloomu 250, bobini mbili ya 500. Ile ya 250 inapunguza ukali, ile ya 500 inauacha upite. Mikro zikichanganywa, mufundi achague kufuatana na ile iliyo kali mno ao iliyozimika mno.

Mambo mawili yanayosahauliwa

La kwanza ni upana. Nyuzi zinapanuka zikienda kwenye shevale. Mikro nyingi za bobini mbili zina karibu milimita 50 kutoka uzi wa kwanza mpaka wa sita; kwa shevale ya magitare fulani inatakiwa karibu 52 ao 53. Pima kwa rula kabla ya kulipa.

La pili ni kupatana kwa mwelekeo. Fungua mikro zote mbili pamoja. Kama sauti inakonda ghafula na bezi inapotea, sawa gitare imewekwa ndani ya mkebe, maana yake moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Mara nyingi dawa ni kugeuza nyaya mbili za mikro moja. Lakini kama waya mmoja umeshikana na kifuniko cha chuma, msiguse, mpelekeeni mufundi. Mikro zilizotengenezwa na kuuzwa pamoja kama seti zinaepusha tabu hiyo, na mara nyingi mbili hizo zikifunguliwa pamoja kelele ya umeme inakufa.

Mbele ya kutoa franka

Sasa neno kwa baba. Kabla ya kufungua mfuko, mwambie kijana achukue turnevisi. Kila mikro ina visi mbili za kuipandisha na kuishusha. Abonyeze uzi kwenye freti ya mwisho, kisha apime nafasi kati ya uzi na mikro: kama milimita 2.5 kwa shingo, na kati ya 1.5 na 2 kwa shevale. Ile yenye sauti kubwa ishushwe, isiyosikika ipandishwe kidogo kidogo. Asiisogeze mno, maana sumaku iliyo karibu sana inavuta uzi na noti zinakuwa za uongo. Kisha aweke nyuzi mpya na ajaribu kamba nyingine. Magitare mengi yanapona hapo, bila kununua kitu.

Kama bado sauti haipendezi, basi mnunulie, lakini mnunulie kwa akili: apime ile inayobaki, achague ya kuifuata, ao achukue seti ya mbili. Mikro mbili ni sawa watu wawili wa posti moja chini ya mgodi. Mmoja akivuta peke yake, wagoni haisogei, na jasho la mzazi linapotea bure. Wakipatana, hata gitare ya bei ndogo itasikika mpaka mwisho wa kambi.