Fundi Aliye Ndani ya Tangi

Tangi la maji la kijiji likitoboka, fundi huingia ndani kulichomelea. Ajihadhari na hewa. Hewa ya kawaida ina oksijeni sehemu 21 katika kila 100. Tangi la chuma lililofungwa siku nyingi huwa na pungufu, kwa kuwa kutu huila oksijeni. Moto wa gesi nao huimaliza zaidi. Ikishuka hadi sehemu 10 fundi huzimia, na pua haikumwonya.

Wako mafundi wanaofungulia mtungi wa oksijeni ili "kuburudisha" hewa. Hilo ni kosa kubwa mno! Oksijeni ikizidi, cheche moja huwasha nguo na nywele, na moto huo hauzimiki upesi. Tumieni feni ya kuingiza hewa ya nje. Mitungi ibaki nje. Mipira ya gesi nayo itolewe wakati wa chakula, maana huvuja.

Mtu mmoja akae mlangoni, ameshika kamba iliyofungwa kifuani mwa fundi, chini ya makwapa. Fundi akianguka, avute kamba na kupiga kelele. Asiingie, hata kama aliyeanguka ni ndugu yake. Mara nyingi mwokoaji hufia humo humo.