Kabla Hujapanda Mashua ya Wasini

LIKIZO ya Disemba inapokaribia, jamaa nyingi za mijini huanza kuhesabu shilingi za safari ya Pwani. Baba huulizia nauli ya gari la moshi, mama huwapima watoto nguo za kuogelea zilizowabana tangu mwaka jana, na watoto wenyewe tayari wamewatambia wenzao shuleni kwamba watapanda mashua na kuwaona pomboo.

Huenda nawe, ndugu msomaji, u miongoni mwao. Umekulia Nakuru au Eldoret, na maji mengi uliyowahi kuyaingia ni ya bwawa la kuogelea. Zile meli kubwa za starehe zinazotia nanga Kilindini huja na wageni kutoka ng'ambo. Kwa mwananchi wa kawaida, safari ya kwanza ya bahari ni ile ya siku moja inayoanzia Shimoni, kusini mwa Kaunti ya Kwale, hadi kisiwa cha Wasini na hifadhi ya baharini ya Kisite-Mpunguti. Ni safari tamu. Lakini wengi huiendea kama waendao bustanini: hufungasha vyakula na kamera, wakasahau kuuliza habari za upepo, maji na jaketi za kujiokolea.

Soma basi haya machache kabla hujafunga begi.

Chagua msimu wako

Pwani yetu hutawaliwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma kati ya Novemba na Machi, na kusi huvuma kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi. Wakati wa kaskazi bahari huwa tulivu zaidi na maji huwa maangavu, hata mtu aliyeinama ubavuni mwa mashua aweza kuwaona samaki chini. Kusi nayo huja na mawimbi makubwa, hasa katika miezi ya Juni, Julai na Agosti.

Lakini kuna jambo moja la kupimwa hapa. Nyangumi hupita pwani hii kati ya Julai na Septemba, yaani wakati wa kusi. Anayetaka kuwaona hana budi kuvumilia mawimbi. Mwenye watoto wadogo au mzazi mkongwe, na angoje kaskazi.

Ukishachagua msimu, uliza maji. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti yake pale Mombasa inaweza kukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu huwa maji mafu, na tofauti hiyo hupungua. Usidhani elimu hii ni ya wavuvi pekee. Maji yakipwa sana, huenda mashua isiweze kukaribia ufuo, nawe ukalazimika kushuka na kutembea majini, mtoto begani na begi kichwani.

Kwa hivyo siku moja kabla ya safari, mwamkie nahodha kwa heshima, "Shikamoo, nahodha," kisha umwulize mambo matatu. Kesho tunatoka saa ngapi? Maji yanapwa saa ngapi? Na upepo ukizidi, tutafanyaje? Nahodha anayeijua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo. Akikujibu "hakuna matata" na asiongeze neno, tafuta mwingine.

Ukilala Diani, ondoka mapema. Shimoni iko kilomita 75 hivi kusini mwa Mombasa, na safari nyingi za mashua huanza asubuhi kabla upepo haujapata nguvu. Utapita Ukunda, Msambweni na Ramisi, kisha uiache barabara kuu ya Lunga Lunga na kugeuka kushoto kuelekea baharini.

Jaketi kwanza, picha baadaye

Wakenya wa rika la wazazi hawajaisahau Aprili 29, 1994. Siku hiyo feri iliyokuwa imejaza abiria kupita kiasi ilipinduka muda mfupi baada ya kuondoka Mtongwe, Mombasa. Watu 272 walikufa. Hawakuwa bahari kuu. Walikuwa wakivuka mkono wa bahari tu, na nchi kavu waliiona kwa macho yao. Ukaribu wa ufuo haumwokoi mtu asiyejua kuogelea, wala idadi ya abiria si jambo la kuachiwa bahati.

Basi mkifika gatini, msikimbilie viti. Simama na ufanye hesabu. Hesabu vichwa, kisha hesabu jaketi. Zikipungua hata moja, usipande. Uliza chombo kimeruhusiwa kubeba watu wangapi, na ukiona idadi imezidi, wateremshe watu wako. Wenye haraka watakunung'unikia. Waache wanung'unike.

Jaketi huvaliwa, haikaliwi kama mto. Kagua kamba na vifungo vyake. Kwa mtoto, fanya jaribio hili: mvalishe, mfunge, mwambie ainue mikono juu, kisha ushike jaketi mabegani na kuivuta juu taratibu. Ikipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, na majini itamponyoka. Jaketi nzuri ya mtoto mdogo huwa na kamba inayopita katikati ya miguu. Jaketi ya mtu mzima iliyokazwa kwa leso haimfai mtoto hata kidogo.

Kila mtoto mdogo awe na mtu mzima mmoja anayejulikana kuwa ndiye mlinzi wake. Wazazi wengi husema "sote tunamwangalia", na mwishowe kila mmoja hudhani mwenzake ndiye anayeangalia. Na wewe kijana unayeogelea kama samaki, vaa jaketi pia. Aliyegongwa kichwa na mlingoti haogelei.

Kulewa bahari

Mtu wa bara huogopa sana kutapika mbele za watu. Jambo hili lina sababu yake. Sikio la ndani huhisi kwamba chombo kinayumba, lakini jicho lililoinamia simu au sakafu huona kitu kilichotulia. Ubongo hupokea habari mbili zinazopingana, na tumbo ndilo linaloadhibiwa.

Dawa ya kwanza basi ni macho. Yainue, utazame mbali pale bahari inapokutana na mbingu, au ukazie macho kisiwa. Kaa katikati ya chombo au kuelekea nyuma, maana omo ndiyo inayopanda na kushuka zaidi. Kaa penye hewa, mbali na moshi wa mashine.

Usiende na njaa, wala usiende umeshiba. Kipande cha mkate, ndizi au biskuti na chai ya tangawizi vyatosha. Mahamri na mbaazi za nazi yatakungoja ukirudi. Kuna vidonge vya kuzuia hali hii katika maduka ya dawa, lakini humezwa kabla ya kuondoka, si baada ya kichefuchefu kuanza, na vingi huleta usingizi. Mama mjamzito, mtoto, na anayetumia dawa nyingine amwone daktari kwanza.

Ikibidi kutapika, usione haya. Nenda upande wa demani, yaani ule upepo unakoelekea. Ukitapika joshini, upepo utakurudishia chakula chako na kuwagawia jirani.

Ndani ya begi

Begi moja laini latosha kwa watu wawili. Tia leso mbili kabla ya kitu kingine chochote. Leso ni taulo, ni kivuli cha mtoto aliyelala, ni pazia la kubadilishia nguo, na ni vazi la heshima mtakapoingia kijijini.

Ongeza kofia yenye kamba ya kidevuni, maana upepo wa bahari hauachi kofia. Chukua shati la mikono mirefu kwa kila mtu. Jua la baharini hukupiga kutoka juu na kutoka majini, na hata ngozi nyeusi huungua na kubambuka. Shati ni bora kuliko mafuta ya kujipaka, kwa sababu baadhi ya mafuta hayo hudhuru matumbawe. Vaa viatu vya raba au ndara zenye kamba ya kisigino. Kutembea peku kwenye miamba ni kuitafuta miiba.

Maji ya kunywa yabebe katika chupa ya bati au chupa ya chai. Tangu Juni 5, 2020, chupa za plastiki za kutumiwa mara moja na kutupwa zimepigwa marufuku katika mbuga na hifadhi za taifa, na Kisite ni mojawapo. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku nchini kote tangu Agosti 2017. Basi nguo kavu, simu na dawa utatilia wapi? Chukua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia wenye kifuniko kinachokaza, uuoshe vizuri. Hauingizi maji, na ukianguka baharini utaelea.

Usisahau kitambulisho, na wanafunzi wachukue kadi za shule. Ada za hifadhi hulipwa kwa njia ya mtandao kupitia eCitizen, na raia hutozwa kiwango tofauti na mgeni. Viwango hubadilika, kwa hivyo ulizia mapema. Chukua pia noti ndogo ndogo za matumizi ya kijijini.

Acha hotelini mapambo ya dhahabu, viatu vya visigino na begi kubwa la magurudumu. Pombe nayo uiache. Haipatani na mawimbi, wala haipatani na kijiji unachokwenda kuwa mgeni wake.

Mwambani na kijijini

Kuvuka kutoka Shimoni hadi Wasini ni mwendo mfupi. Kisite yenyewe iko mbele zaidi, upande wa bahari kuu, na kwa jahazi yaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Hifadhi ya taifa ya Kisite ina kilomita mraba 28, na ile ya Mpunguti iliyo kando yake ina 11. Hapo ndipo watu huvaa miwani ya kuogelea na mrija wa kupumulia, wakatazama chini.

Ukiwa majini, usisimame juu ya matumbawe. Huonekana kama mawe, kumbe ni viumbe hai, na aina nyingi hukua sentimita moja tu au chache kwa mwaka. Mwaka 1998 joto la bahari liliyaua matumbawe mengi katika pwani hii, na palipopona pamechukua miaka. Kombe na konokono wa baharini waache walipo, kwani ni kosa kuwachukua hifadhini. Pomboo nao hawafukuzwi. Mwombe nahodha apunguze mwendo, mara nyingi watakuja wenyewe.

Wasini ni kisiwa cha Waislamu wenye ustaarabu wa kale, na hakina magari. Jifunge leso, vaa shati, toa salamu kabla ya kuuliza njia, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Kwa miaka mingi wenyeji waliishi kwa kukinga maji ya mvua, kwa hivyo usiyachezee maji ya kunawia. Kuna njia ya mbao iliyojengwa juu ya bustani ya matumbawe ya kale, nayo husimamiwa na kikundi cha wanawake wa kisiwani. Lipa ada yao bila kubishana. Mkirudi Shimoni mapema, lipitieni pango lililoupa mji huo jina. Wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo kabla ya kusafirishwa.

Kama una hofu

Wapo wanaotetemeka kwa kuitazama bahari tu. Usiwalazimishe kwenda Kisite siku ya kwanza. Anzeni Diani, kwenye mashua za sakafu ya kioo zinazozunguka ndani ya ukuta wa matumbawe, ambako mawimbi ni madogo. Siku ya pili nendeni Gazi, kabla ya kufika Msambweni, mkatembee katika mikoko kwenye njia ya mbao. Atakayefurahia hayo ataiomba Wasini mwenyewe. Asiyefurahia abaki ufuoni na kitabu chake, wala asichekwe.

Wahenga walisema bahari haishi zinge. Huenda mkaamka saa kumi na moja alfajiri, mkafika Shimoni na mikebe yenu, watoto wakiruka kwa furaha, kisha nahodha akatazama mawingu na kutikisa kichwa. Watoto watalia. Nauli ya matatu itakuwa imekwenda bure, na utashawishika kumwongezea pesa kidogo ili ajaribu. Usifanye hivyo. Mshukuru, chukua namba yake ya simu, wanunulie watoto samaki wa kukaanga, kisha mrudi Diani. Nahodha aliyekubali kuikosa pesa yako ili mfike salama, huyo ndiye wa kusafiri naye siku bahari itakapotulia.

Safari njema.