Chombo kinapolala upande, usukani peke yake hauwezi kukiokoa

Wakaaji wa kando ya ziwa Kivu na ziwa Tanganyika wanajua hofu ya kuona chombo kikilala upande mmoja. Tarehe 3 Oktoba 2024, boti iliyotoka Minova ikiwa imejaa abiria na mizigo ililala upande, kisha ikapinduka karibu na bandari ya Kituku, mjini Goma. Makumi ya watu walipoteza maisha mbele ya macho ya wale waliokuwa wakiwangojea.

Boti ile ilienda kwa injini. Lakini mabaharia wa matanga walijifunza somo hili miaka mingi kabla injini haijafika kwenye maji yetu: chombo kikilala kupita kiasi, mwenye kushika usukani anabaki na ubao mkononi tu.

Usukani unafanya nini

Usukani ni ubao uliosimama majini, nyuma ya chombo. Chombo kikitembea, maji yanapita pande zake mbili. Ubao ukigeuzwa, maji yanaupiga upande mmoja na kusukuma sehemu ya nyuma. Nyuma ikienda kuume, mbele inaelekea kushoto. Chombo hakigeuki kama motokari ambayo magurudumu ya mbele ndiyo yanaiongoza. Ni mkia unaosukumwa.

Kutokana na hayo kuna mambo mawili. La kwanza, chombo kisichotembea hakiongozwi, kwa sababu hakuna maji yanayopita kwenye ubao. La pili, usukani ukigeuzwa sana unakuwa kama breki: unayazuia maji na kukiondolea chombo mwendo, na mwendo ukipungua, nguvu ya usukani nayo inapungua.

Kwa nini kinageukia upepo

Upepo ukitoka ubavuni, tanga linasukumwa kule juu, huku maji yanauzuia mwili wa chombo kule chini. Ndiyo maana chombo kinalala. Kulala kidogo ni kawaida kwa kila chombo cha tanga. Matatizo yanaanza ulalo unapozidi.

Chombo kilicholala kina tanga lililotoka nje, juu ya maji, upande ule upepo unakoelekea. Mtu anayevuta kigari cha mkono kwa kamba iliyofungwa upande wa kuume tu anaona kigari kikigeuka kushoto. Chombo kinafanya vilevile. Nguvu ya tanga inakivuta mbele kwa upande mmoja, maji yanakizuia katikati, na pua yake inageuka kuelekea kule upepo unakotoka. Zaidi ya hayo, ubavu uliozama ni wa mviringo, na maji yanayoupiga yanaisukuma pua upande uleule.

Nahodha anajibu kwa kuvuta kana, yaani mkono wa usukani, kuelekea upande wa upepo. Ulalo ukiongezeka, anavuta zaidi. Mikono inachoka na mwendo unapungua. Tena usukani wenyewe umelala pamoja na chombo, kwa hiyo sehemu ya nguvu zake haigeuzi tena kitu. Mwishowe ncha ya juu ya ubao inatoka majini, hewa inaingia, na usukani unaachia. Pua inaruka kuelekea upepo kwa ghafula. Kama upepo na mawimbi vinatoka nyuma, chombo kinaweza kukaa ubavu mbele ya wimbi, na hapo ndipo kinapopinduka.

Dakika za mwisho za Vasa

Mfano unaojulikana sana ni ule wa Vasa, merikebu ya kivita ya Uswidi. Mfalme Gustav II Adolf aliitaka haraka, kwa maana inchi yake ilikuwa vitani. Ilibeba mizinga 64 katika ghorofa mbili, na uzito mwingi ulikuwa juu. Chini kabisa iliwekewa mawe ya kuituliza, karibu tani 120, lakini hayakutosha.

Kabla ya safari, watu 30 waliamriwa kukimbia pamoja kutoka ubavu mmoja hadi mwingine ili kupima kama merikebu inasimama vema. Baada ya kukimbia mara tatu, admirali Klas Fleming alisimamisha jaribio hilo, kwa sababu merikebu ilianza kuyumba kwa namna ya kutisha. Hata hivyo, safari haikusimamishwa.

Tarehe 10 Agosti 1628, mbele ya wakaaji wa Stockholm, Vasa iliondoka ikiwa na matanga manne tu, na upepo ulikuwa mdogo. Upepo wa ghafula uliilaza, ikainuka. Wa pili uliilaza tena, na maji yakaingia kwa madirisha ya mizinga ya chini yaliyokuwa wazi. Ilizama baada ya kwenda kama mita 1.300 tu. Watu karibu 30 walikufa.

Mshika usukani wa Vasa alikuwa ndani, chini ya sitaha, akisukuma mti mrefu uliosimama na uliounganishwa na kana. Hakuwa na njia ya kuiinua merikebu. Usukani unageuza chombo, hauwezi kukisimamisha. Baraza la uchunguzi liliketi, lakini hakuna aliyeadhibiwa. Vasa iliinuliwa kutoka majini mwaka wa 1961, na leo iko katika jumba lake la makumbusho mjini Stockholm.

Wanachofanya mabaharia

Nahodha mwenye ujuzi anapoona kana inakuwa nzito, anajua kwamba chombo kinamwomba kitu kingine. Kwanza analegeza demani, kamba inayozuia tanga, ili upepo upite. Upepo ukiendelea, anapunguza tanga au analishusha. Anahamisha watu upande wa upepo. Na kabla ya kung'oa nanga, anaweka mizigo mizito chini kabisa na kuifunga isiteleze.

Kwenye pwani ya Bahari ya Hindi maarifa haya yanaonekana wazi. Ngalawa ina mbao mbili zinazoelea, moja kila upande, zinazoizuia isilale. Katika mashindano ya mashua huko Lamu, mabaharia wanatoka nje juu ya ubao mrefu upande wa upepo, na miili yao inakuwa mizani.

Matanga hayo yalifika pia kwetu. Kunako karne ya 19, wafanyabiashara wa Ujiji walivuka ziwa Tanganyika kwa vyombo vya tanga. Mwaka wa 1874, Mwingereza Verney Lovett Cameron alisafiri kwa mtumbwi uliotiwa tanga hadi mto Lukuga, karibu na pale ulipo mji wa Kalemie leo.

Sheria ileile kwa boti za leo

Injini imeondoa tanga, lakini haikuondoa ulalo. Mizigo na watu wakiwekwa juu, uzito unapanda, kama mizinga ya Vasa. Boti nzito ikikata kona kwa ghafula, inalala kuelekea nje ya kona. Abiria wakisimama wote pamoja na kukimbilia upande wa bandari, wanafanya kama wale watu 30, isipokuwa safari hii hakuna mtu wa kusimamisha jaribio.

Msafiri anaweza kuangalia mambo machache kabla ya kupanda. Boti iliyofungwa bandarini inapaswa kusimama sawa. Mtu akipanda au gunia likishushwa, inayumba kidogo na kurudi upesi. Ile inayolala polepole, ikakawia, kisha ikarudi kwa uvivu, uzito wake uko juu sana, hata kama ziwa limetulia. Wakati huo bado inawezekana kushusha mizigo, au kungojea boti nyingine. Katikati ya ziwa, mshika usukani hatakuwa na dawa yake.