Kisasi na mtoto asiye na kosa

Juma hili nazungumzia kisasi, na mlango nitakaoingilia ni filamu ya katuni. Msicheke kwanza.

Mtaani kwetu hapa Dodoma wapo wazee wawili ambao hawajasalimiana tangu walipogombea mpaka wa kiwanja. Watoto wao hawakuwa wamezaliwa. Leo watoto hao wanasoma darasa moja, na kila mmoja amekatazwa kukanyaga ua wa mwenzake. Niliwakumbuka nilipomaliza kutazama Gankutsuou, katuni ya Wajapani yenye sehemu 24, iliyoanza kuonyeshwa katika televisheni ya kwao mwaka 2004.

Asili yake ni riwaya ya Mfaransa Alexandre Dumas, Le Comte de Monte-Cristo, iliyotoka gazetini kidogo kidogo kati ya 1844 na 1846, kama hadithi za kuendelea tulizozizoea magazetini mwetu. Baharia kijana, Edmond Dantès, anasingiziwa na watu anaowaamini, anafungwa gereza la kisiwani miaka 14. Anatoroka, anapata hazina, anarudi akiwa kabaila tajiri asiyetambulika, kisha anawaangamiza adui zake mmoja mmoja. Mwaka 1901 Kuroiwa Ruikō alianza kuisimulia kwa Kijapani, naye pia gazetini, akaiita Gankutsuou, yaani Mfalme wa Pango.

Mwongozaji wa katuni, Mahiro Maeda, ameipeleka mwaka 5053, zama za watu kwenda Mwezini kutazama sherehe. Nguo zimejaa mapambo, na mtu akisogea mapambo hubaki palepale, utadhani kanga imetandazwa nyuma ya tundu lenye umbo la mtu.

Lakini jambo kubwa si vyombo vya angani. Dumas anatutembeza na aliyedhulumiwa. Tunayajua machungu yake tangu mwanzo, kwa hiyo kila adui akianguka tunapiga makofi. Maeda anaanza na Albert, kijana wa miaka 15, mtoto wa adui Fernand. Hajui baba yake alifanya nini. Anamhusudu kabaila, anamkaribisha nyumbani, kumbe ameifungulia mlango balaa. Siku ya pambano anayekufa ni Franz, rafiki yake aliyekwenda kupigana badala yake. Franz hakumdhulumu mtu.

Dumas naye aliliona hilo. Kuelekea mwisho wa riwaya, kifo cha mtoto mdogo kinamfanya kabaila atilie shaka haki yake. Tofauti ni kwamba kwa Dumas tunamwona mtoto yule akiwa maiti. Katika katuni tunatazama kila kitu kwa macho ya mtoto.

Sisemi aliyedhulumiwa anyamaze. Haki idaiwe barazani, mchana kweupe, na mkosaji atajwe kwa jina. Kisasi ni kitu kingine, maana hakiulizi nani alikosa wala ana umri gani. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

Wazee wangu wawili, mpaka ule na upimwe, mwenye haki apewe chake. Lakini watoto waacheni wavuke.